Mashine Iliyolala na Maneno ya Mzee Gedi

Siku yangu ya mwisho karakanani, Lemayian, fundi mwenzangu, aliniuliza kama ningewaachia bisibisi zangu. Nikamwambia bisibisi naondoka nazo, maana kuna moja niliyoisaga ncha mwenyewe na sidhani kuna nyingine kama hiyo kutoka Namanga hadi Athi River. Lakini maelezo nitawaandikia. Haya basi ndiyo maelezo. Nani alipandishwa cheo na nani aliongezewa mshahara, hayo sitayagusa. Yangu ya aina hiyo yangeenea nyuma ya kiberiti. Nitaandika juu ya kazi, na hasa kazi ya kuamsha mashine zilizolala, kwa sababu ndiyo iliyonifedhehesha zaidi nikiwa mwanafunzi na ndiyo iliyonifurahisha zaidi nikiwa karibu kuondoka.

Nilifika Kitengela nikitoka Nyandarua, nimesomea kupiga chapa na sijui lolote lingine. Karakana ilikuwa hapohapo mnapoijua, ghorofa ya kwanza juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo, na hata wakati huo ngazi zilinuka dawa ya kupe. Mwenyewe alikuwa Mutiso, Mkamba mmoja mtaratibu aliyeanza na redio, akaenda kwenye televisheni, kisha kompyuta zilipokuja akasema ni televisheni zilizosoma. Alikuwa anatafuta mtu wa kupokea wateja na kuandika barua. Barua sikuandika nyingi.

Siku ya kwanza ililetwa kompyuta iliyokataa kuwaka. Nilitaka kumwonyesha Mutiso kwamba siogopi, nikashika bisibisi. Akanishika mkono.

"Usifungue," akasema. "Kwanza muulize mwenyewe alikuwa anafanya nini."

Mwenyewe alisema hakuwa anafanya kitu. Mutiso akaagiza chai. Wakaongea juu ya mvua, wakaongea juu ya bei ya nyasi, na kikombe cha pili kilipokaribia kwisha yule bwana akakumbuka kwamba kompyuta ilikuwa imewekwa sakafuni, na kwamba mwanambuzi alikuwa ameingia sebuleni, na kwamba kulikuwa na mkojo. Tulipofungua tulijua tunatafuta nini. Niliondoka jioni hiyo nikiwa nimejifunza kwamba nusu ya ufundi ni chai, na sijapata sababu ya kubadilisha hesabu hiyo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kopo la siagi la kuwekea skrubu, mashine ya kukaushia nywele ya mke wa Mutiso, na brashi ya rangi ya inchi mbili, ambayo ndiyo iliyofanya kazi nyingi kuliko sisi wote. Malori yalikuwa yakipita kutwa kwenda kuchukua mawe, na vumbi halikuwa na adabu. Kuna kompyuta nilizofungua ambazo ungeweza kupanda sukuma wiki ndani.

Stima nazo zilikuwa zikipotea ovyo, na ndiyo sababu tulijua mapema mambo ya kulaza mashine. Kwa wale mnaoanza, nieleze mara moja. Kompyuta ikiwa macho, kila unachofanya kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda, ile tunayoita ramu, ambayo ni kama ubao wa darasani: stima ikikatika, ubao umefutika. Ukiilaza juujuu, maandishi yanabaki ubaoni, lakini lazima betri ikae macho kuyalinda. Ukiilaza fofofo, mashine inanakili ubao mzima, kila herufi na kila dirisha lililokuwa wazi, inauandika kwenye diski, halafu inajizima kabisa. Unaweza kutoa betri na kuifungia kabatini mwezi mzima. Siku ukiiwasha, inasoma ile nakala, inaurudisha ubao kama ulivyokuwa, na kishale kinaendelea kupepesa palepale ulipoachia neno. Vitabu vina jina la kigeni la jambo hilo. Mutiso aliliita "kulala fo", na sisi tukafuata.

Mwaka wangu wa pili akaja Mwalimu Njuguna kutoka Kimuka. Alikuwa anaandika mwongozo wa ufugaji nyuki kwa ajili ya wanafunzi wake, na kompyuta yake ilikuwa imelala fo ikakataa kuamka. Mutiso alikuwa ametoka kununua waya. Nikaiwasha. Kioo kikawa cheusi, kikaandika kwamba jaribio la kuamsha limeshindwa, na chini yake kukawa na njia mbili: ujaribu tena, au ufute data ya kuamshia na kuendelea. Niliona neno "futa" nikadhani ni kufuta kasoro. Nikabonyeza.

Ikawaka vizuri sana, safi kama sahani. Nilijisikia fundi. Mwalimu akavuta kiti, akatafuta kazi yake, akatafuta tena, kisha akavua miwani.

"Kwa hivyo nyuki wameenda?" akaniuliza.

Zilikuwa kurasa arobaini na hakuwa amezihifadhi hata mara moja. Alikuwa akifunga kifuniko jioni, anafungua asubuhi, anaendelea. Mutiso aliporudi hakunipigia kelele, na ningependelea angenipigia. Aliweka viti viwili mbele ya mashine. "Mwalimu atasema," akasema, "na wewe utaandika, hadi yarudi yote." Siku nne tulikaa hapo. Hadi leo naweza kukueleza jinsi ya kugawanya mzinga bila kumkasirisha malkia. Mwalimu alisema toleo la pili lilitoka bora kuliko la kwanza. Alisema hivyo kwa upole na sijawahi kumwamini.

Tangu hapo nilijiwekea sheria: mashine iliyolala fo siigusi kabla sijanakili diski yake nzima, na nakala ndiyo inayojaribiwa, si diski yenyewe. Mafundi wengi wamenicheka kwa hilo. Nakala ya diski kubwa inachukua nusu siku, na mteja amesimama hapo anatazama saa. Mwacheni atazame.

Miaka ikaenda. Nimeona wanaolaza mashine juujuu wakidhani wameilaza fofofo, kama yule mfanyabiashara wa Tuala aliyeitia kwenye mkoba wa ngozi, akazunguka nayo soko la mbuzi asubuhi nzima, mashine ikaamka humo ndani na kujipika. Alipofungua mkoba alisema kulikuwa na joto la mandazi. Nimeona aliyeongeza ramu wakati mashine imelala, halafu akashangaa kwa nini imeamka haimjui. Mutiso alirudi Machakos kwa ng'ombe wake, akaniachia meza ya dirishani. Akaja Lemayian kutoka Bisil, mtu mzima mwenye familia, aliyekuwa ametengeneza simu miaka sita na kuchoka na vioo vilivyopasuka. Wateja wa Kimaasai wakawa wanapanda ngazi kwa sababu yake. "Sopa," unamsikia akisalimia. "Ipa," wanajibu, na baada ya hapo mimi naachwa nje ya mazungumzo hadi bei.

Sasa nije kwa kesi yenyewe.

Ilikuwa Jumatano, kama saa tatu asubuhi. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa mtandio wa kijani, amekumbatia laptopu kifuani kwa mikono miwili. Nilimjua kwa sura. Ana duka la vitambaa na mapazia mtaa wa nyuma. Anaitwa Hibo.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu, weka hapo mezani."

Hakuiweka. "Imekataa kuwaka," akasema. "Jana stima zilipotea, zikarudi na nguvu. Kukawa na harufu."

"Wakati huo ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa imelala. Nilikuwa nimeifunga tayari."

"Imelala vipi? Kulikuwa na taa ndogo inapepesa hapa pembeni?"

"Hapana. Ilikuwa imezima kabisa. Mimi hungoja taa izime ndio natoka."

Nikamtazama vizuri. Ni wateja wachache wanaojua kungoja taa. Nikamuuliza nani alimfundisha, akasema ni Zakaria, mtoto wa dada yake, anayepiga video za harusi. Laptopu ni ya Zakaria, amemwazima.

"Na kuna kazi gani ndani?"

"Maneno ya Aabo." Akaona sijashika. "Ya baba yangu. Alikuwa ananiambia maisha yake, mimi naandika."

Hapo akaiweka mezani. Nilipoifungua, karibu na tundu la chaja kulikuwa na doa jeusi kama punje ya maharagwe, na harufu ilikuwa bado ipo. Bodi kuu ilikuwa imekwisha. Lemayian akaitoa diski, akaiunganisha na kifaa chetu cha kupimia, akanionyesha dole gumba. Diski ilikuwa nzima.

"Uliyasevu?" nikamuuliza Hibo.

"Ya kwanza tu, kurasa kumi. Zingine ilikataa. Kila nikisevu inaniambia diski imejaa."

"Imejaa nini?"

"Harusi," akasema. "Zakaria ako na harusi kumi na saba za watu humo ndani. Aliniambia nisifute hata moja, kuna bibi harusi bado anangoja yake."

Lemayian akageuka, akaanza kutafuta kitu kwenye droo.

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa. Ile nakala ya usingizi hutengewa nafasi yake kwenye diski mapema. Diski inaweza kujaa pomoni, faili haina pa kuingia, lakini mashine bado inaweza kulala fo, kwa kuwa kitanda chake kilitandikwa zamani. Hibo alikuwa amegundua hivyo bila kujua amegundua nini: kusevu inakataa, lakini akifunga kifuniko na kungoja taa, kesho anakuta kila kitu. Zakaria alikuwa ameahidi kuja kuondoa harusi. Alikuwa bado anakuja. Kurasa hamsini na zaidi zilikuwa hazipo mahali popote duniani ila ndani ya usingizi wa mashine iliyokufa. Mtaniuliza kwa nini hakupiga hata picha kwa simu. Nami nawauliza, ninyi mngekumbuka?

Nikamwambia neno ambalo nalijutia. "Si umwambie Mzee akusimulie tena? Polepole, kila siku kidogo."

Hibo akaangalia zile skrubu kwenye kopo.

"Aabo haongei," akasema. "Alipatwa na kiharusi mwezi wa Ramadhani. Anasikia, anaelewa, lakini maneno hayatoki. Tangu hapo sijawahi kuizima hiyo mashine. Kila siku nikifunga duka naifungua, nasoma kidogo, nafunga."

"Na yeye unamsomea?"

"Hapana." Akakigusa kifuniko cha mashine. "Naogopa ataona kama tunamsomea wasia."

Nilimwambia aende dukani, aniachie mashine, na kwamba siahidi kitu. Aliposhuka ngazi, nikamkumbuka Mwalimu Njuguna. Niliwahi kumpotezea nyuki wake, lakini yeye alikuwa na mdomo wa kuyasema maneno yake upya.

Lemayian alikuwa na wazo lake. Alisema kuna programu ya kupekua ile nakala ya usingizi na kuokota maandishi bila kuamsha mashine. Nikamwambia sawa, lakini kwanza nakala. Tulinakili diski mara mbili, kazi iliyotuchukua hadi kesho yake mchana, kisha diski yenyewe nikaifunga kwa kitambaa na kuifungia kwenye droo yangu. Kwenye nakala ya kwanza Lemayian akapekua. Ile data huwa imekandamizwa ili ienee, na alichookota ni vipande: nusu ya neno hapa, jina la mtu pale, "maji" mara tisa, na orodha ya nyimbo za harusi. Akajaribu siku nzima. Jioni akasukuma kiti nyuma, akaniambia:

"Mama Wangari, hii ni kama kusoma barua iliyopita kwa mdomo wa mbuzi."

Ikabaki njia moja. Mashine ikiamka hutaka kujikuta kwenye mwili uleule: bodi ya aina ileile, ramu kiasi kilekile. Bodi ya Hibo ilikuwa imekufa, kwa hivyo tulihitaji pacha wake. Mfano huo ulikuwa wa zamani, madukani haupo tena. Lemayian alipiga picha ile stika ya chini, akaituma kwenye kundi la mafundi la simu, nasi tukangoja. Wa Ngong alikuwa na inayofanana rangi tu. Wa Kajiado mjini alikuwa na kifuniko bila mashine. Jumapili fundi mmoja wa Rongai akajibu kwamba ameona ya aina hiyo Kware, kwenye saluni, inapiga muziki.

Lemayian akaenda. Akanipigia simu akiwa saluni.

"Ni yenyewe kabisa," akasema. "Lakini mwenyewe anasema mashine yake haiachi na mtu."

"Mwambie tutamtengenezea ile bawaba ya kifuniko bure. Kwa umri huo lazima imevunjika."

Nikasikia anaongea pembeni, kisha akarudi. "Anauliza ulijuaje. Anasema atakuja nayo mwenyewe."

Mama Shiro, mwenye saluni, alikuja Jumatatu asubuhi, mwanamke mnene mchangamfu, nywele zimesukwa vizuri kama tangazo. Laptopu alikuwa ameifunga ndani ya taulo. Alikaa kwenye benchi la wateja na kutangaza kwamba hatabanduka.

"Na mashine yangu ikikufa?"

"Haifi," nikamwambia. "Nitatoa diski yako mbele yako. Utaishika mwenyewe hadi tumalize."

Nikampa diski yake. Akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Hibo alikuwa ameshafika, amefunga duka. Nikaweka kwenye mashine ya Mama Shiro nakala ya kwanza, ileile ambayo Lemayian alikuwa ameipekua bila kubadilisha kitu, nikawasha.

Kioo kikawa cheusi. Kisha maandishi yakatokea, meupe, na yalikuwa yaleyale niliyoyaona nikiwa msichana: jaribio la kuamsha limeshindwa. Chini yake njia mbili. Mkono wangu ulijitoa wenyewe juu ya kibodi kama uliochomwa. Nikazima kwa kuchomoa waya.

"Imekataa?" Hibo akauliza.

"Imeuliza swali. Sijalijibu."

Nilikaa. Nikaanza kuhesabu vilivyo sawa: bodi ileile, kioo kilekile, programu ya ndani ya toleo lilelile. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla hata Mama Shiro hajakaa. Nikaipindua mashine yake, nikafungua kile kifuniko kidogo cha ramu.

Ubao wa Mama Shiro ulikuwa nusu ya ubao wa Hibo. Kwenye saluni muziki hauhitaji zaidi. Nilikuwa najaribu kurudisha ukuta mzima wa maandishi kwenye kibao cha mtoto, na nilikuwa nimefanya kazi hii tangu Lemayian akiwa shule ya msingi.

"Niliuliza kama ni pacha," nikamwambia Lemayian, "sikuuliza kama wamekula sawa."

Nikatoa vipande viwili vya ramu kwenye mashine ya Hibo iliyokufa. Ramu huwa hazifi haraka, na hizi zilikuwa salama. Nikazipachika kwenye ya Mama Shiro. Nikaweka nakala ya pili, maana ile ya kwanza sikuiamini tena. Lemayian akauliza kama nataka awashe yeye. Nikamwambia hapana.

Kioo kikawa cheusi. Kikatokea kimstari chembamba chini, kikaanza kujaa kutoka kushoto. Kilifika nusu kikasimama. Nimezaa watoto watatu na sikumbuki dakika ndefu kama ile. Kikaendelea. Kikafika mwisho, kioo kikazima kabisa, nikasikia Hibo anasema jambo polepole kwa Kisomali, kisha mwanga ukarudi na karatasi ikawa pale, imejaa maneno, na saa ya pembeni ikionyesha Jumanne ya wiki iliyopita, kumi na moja jioni, saa ileile aliyofunga kifuniko. Mwisho wa mstari wa mwisho kishale kilikuwa kinapepesa.

Lemayian akataka kuchomeka flashi mara moja. Nikamzuia. Mashine iliyoamka kwenye mwili wa mwenzake naiheshimu kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Huanzi kwa kumpa ugali. "Hibo, toa simu," nikasema. "Piga picha kila ukurasa. Mama Shiro, wewe bonyeza hiki kitufe kimoja tu, polepole, hadi nikuambie basi." Mama Shiro akaniachia diski yake bila kufikiria, akavuta kiti. Wakafanya hivyo wanawake wawili wasiojuana, mmoja anabonyeza, mwingine anapiga, kurasa sitini na tatu. Katikati Mama Shiro akaanza kusoma kwa sauti ya chini, akawa anachelewa kubonyeza.

"Hebu ngoja," akasema, "hawa ng'ombe walipata maji ama hawakupata?"

"Tuendelee tu," Hibo akamwambia, "utajua."

Picha zilipokwisha ndipo tukachomeka flashi. Ikapokewa. Nikasevu, nikafungua kwenye kompyuta yangu nikahakikisha, nikasevu mara ya pili kwenye flashi nyingine. Mama Shiro alirudishiwa diski yake, ramu yake na bawaba mpya. Akaondoka na namba ya simu ya Hibo, akisema anataka kujua ilikwishaje.

Hapo ndipo kazi ingeisha, na kwenye daftari la karakana iliishia hapo. Lakini nilikuwa nimechapisha zile kurasa, na jioni hiyo Hibo alipoziona zimebanwa pamoja hakuzichukua.

"Nitaziweka dukani," akasema. "Akipona nitampa."

"Twende nazo pamoja," nikamwambia. "Mimi sijamsalimia Mzee, na nimebeba maneno yake wiki nzima."

Mzee Gedi, baba yake, alikuwa ameketi barazani kwao baada ya swala ya alasiri, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, mkono wa kulia umelala mapajani bila kazi. Nilimsalimia. Akanijibu kwa macho. Hibo akaleta chai kwenye thamosi nyekundu, akakaa, zile karatasi ameziweka kifudifudi chini ya mkono wake. Mzee akaziona. Akanyoosha mkono wa kushoto, akazigonga kwa kidole. Hibo akajifanya hakuona. Akazigonga tena.

"Anataka usome," nikasema.

Alisoma akianza kwa sauti ndogo. Ilikuwa ni safari ya kijana aliyeshuka na ng'ombe wa wajomba zake kutoka upande wa Garissa, mwaka wa kiangazi, akapotezana na wenzake, akafika Bisil na wanyama wasioweza kutembea tena. Wanaume wa pale walitaka aondoke. Mama mmoja wa Kimaasai, Ng'oto Saitoti, aliwaambia kisima ni cha mume wake na mume wake hayupo, kwa hivyo ataamua yeye. Akamwacha anyweshe wiki tatu. Mzee alikuwa amefumba macho. Hibo alikuwa ananitazama kila ukurasa, anataka nimwambie aache, nami nilikuwa nakunywa chai yangu. Akafika mstari wa mwisho, ule aliouandika siku mbili kabla ya kiharusi:

"'Nilipoondoka nilimwachia ng'ombe mmoja mweupe.'"

Mkono wa kushoto ukapiga mkono wa kiti, mara moja, kwa nguvu. Hibo akaruka.

"Aabo? Unaumwa?"

Akatikisa kichwa. Akapiga tena kiti, akaelekeza kidole kwenye karatasi.

"Ni jina? Si Ng'oto Saitoti?"

Hapana.

"Si Bisil?"

Hapana, na sasa alikuwa na hasira ya mtu anayesikilizwa na wajinga. Kidole kikatoka kwenye karatasi, kikaenda taratibu hadi kwenye thamosi, kikakaa hapo.

"Chai?" Hibo akasema.

"Nyekundu," nikasema mimi. "Ng'ombe alikuwa mwekundu?"

Mzee akafumba macho, akateremsha kichwa. Hibo akaweka mkono mdomoni. Miezi yote ile alikuwa akiyalinda maneno ya mtu aliyenyamaza, na mwenyewe alikuwa hapo barazani, hatua chache kutoka mezani, na masahihisho yake.

Kisha Mzee akainua vidole viwili.

"Wawili?" Hibo akasema. "Aabo, uliniambia mmoja. Mimi mwenyewe nimeandika."

Vidole vikabaki juu. Hibo akanigeukia, machozi yanashuka na huku anacheka. "Mama alikuwa akisema hii hadithi huzaa ng'ombe kila mwaka." Nusu ya mdomo wa Mzee, ile iliyokuwa bado inamtii, ikapanda juu. Hibo akafuta macho kwa pembe ya mtandio, akachomoa kalamu kwenye mfuko wangu bila kuomba, akakata neno "mweupe". Halafu akasita.

"Sasa hii, Mama Wangari, tutaisevu wapi?"

"Andika kwanza," nikamwambia. "Ameshainua kidole cha tatu."